Mtoto wa Kawaida

Jumatano, 15 Januari

Shifti ya asubuhi. Bi Ivy kagoma kuoga mpaka nimwimbie. Nikamwimbia. Sauti yangu mbovu, anajua, ndiyo raha yake. Kisha chai, vidonge, shuka za wazee wanne. Mgongo unauma.

Wenzangu pale nyumba ya wazee humwita Ivy tu, kama rika lao. Mimi siwezi. Mtu mzima yule. Katoka Jamaika msichana mdogo, kazeekea hapa hapa Landani.

Kurudi, basi ghorofa ya juu, kiti cha mbele. Mvua. Vioo vyote ukungu. Nikasinzia macho wazi. Peckham ikapita taratibu: maduka ya mihogo na ndizi, saluni, kanisa juu ya duka la simu. Taa nyekundu zinayeyuka kwenye maji. Nikadhani namsikia mtu ananadi dagaa kwa lafudhi ya Tanga. Nusura nipitilize kituo.

Mwanaidi kapata alama za juu, historia na hisabati zote mbili. Mwanangu mmoja, miaka kumi na minane. Kaniambia jikoni huku kanipa mgongo, anaosha vyombo. Nikamwambia asisahau sufuria. Moyoni ngoma zinalia.

Hapa naweza kuandika. Mtoto huyu ana akili kuliko ukoo mzima, wa kwangu na wa baba yake. Mashallah. Ndiyo maana nanunua madaftari haya. Kijicho hakisomi mwandiko wangu.


Jumamosi, 25 Januari

Ukumbi wa jamii, mkutano wa vyuo. Mwana alitaka twende wote watatu. Baba yake kabadilishana shifti na dereva mwenzake, kaja na sare ya basi.

Meza nyingi, kalamu za bure. Mwana akaenda moja kwa moja kwenye meza ya mwisho. Chuo cha Wamarekani Weusi, kule kusini mwa Marekani. Mwalimu aliyekuja anaitwa Dokta Lorraine. Ana mwanya kama wa marehemu shangazi yangu. Nikamkodolea macho mpaka nikaona haya.

Kasema chuo chao kilijengwa na watu waliotoka utumwani. Walifyatua matofali wenyewe, kwa sababu vyuo vingine viliwafungia milango. Kwa miaka mingi wamekuwa wakiwasomesha watoto wao mle mle. Sasa wanataka kuufungua mlango upande wa pili. Watoto wao waende Afrika, Karibiani, Ulaya, na wa huko waje kwao. Mwaka huu wanachukua wanne wa kwanza kutoka nje, wote kwa ufadhili kamili. Kila kitu, hata tiketi.

Na wanafundisha Kiswahili. Baba Mwana kacheka kwa sauti ukumbi mzima. "Mwana aende Marekani akafundishwe Kiswahili? Nyumbani kimemshinda?"

Mwana alikuwa anauliza maswali. Kanyooka kitini, mikono mezani, anamtazama Dokta usoni. Nimemlea miaka kumi na minane na sijawahi kumwona amekaa vile. Maisha yake yote darasani kafundishwa na mwalimu mweusi mmoja tu, na yule alihama baada ya muhula.

Mama mmoja wa kanisani akanigonga bega. "Binti yako anaongea kama waziri." Nikamwambia, "Aa, wa kawaida tu huyo. Chumba chake ukikiona utakimbia."

Njia nzima nilijisikia fahari na hofu. Hofu ilikuwa kubwa zaidi.


Jumapili, 2 Februari

Mwana kabandika picha ya chuo kwenye friji. Jengo jekundu, nguzo nyeupe, miti inayoning'iniza majani kama shela. Kila nikifungua nitoe maziwa naingia mle.

Jana niliingia kweli, ndotoni. Ukumbi mrefu, wanawake wamevaa nyeupe, wamejipanga pande mbili. Wote wananijua jina. Shangazi zangu wote wamo, hata wale waliokufa sijazaliwa. Mama yangu pia, kabeba sinia. Nikamwita. Hakugeuka. Alikuwa anatabasamu lakini anaficha uso ili nisione.

Nimeamka mto umelowa.

Fomu imekuja kwenye kompyuta. Mwana kajaza zake zote. Imebaki barua ya mzazi. Tueleze mtoto wako, wanasema. Na wanasema mzazi aandike kwa lugha ya nyumbani, kwa mkono akitaka, wao watatafsiri. Nimependa. Hapa Landani sijawahi kupewa fomu inayotaka lugha yangu.


Alhamisi, 6 Februari

Nimeandika barua. Karatasi ya mistari, kalamu ya bluu. Nilifunga mlango.

Ilinichukua mchana wote kwa sababu ya dada yangu Mwajuma. Sijawahi kuyaandika haya. Mwajuma alikuwa na miaka kumi na miwili, anasoma Kurani kwa sauti inayowasimamisha watu njiani. Siku ya maulidi Mama alimsifu mbele ya wageni. Alisema, hamtaona mwingine kama huyu. Watu wakaitikia, wakamtazama sana. Wiki haikwisha, homa ikamchukua.

Mama hakusema tena neno zuri juu yetu mpaka alipokufa. Tukifaulu, "kabahatisha." Nilipopata viza ya kuja huku, jirani walikuja kumpongeza. Akawaambia, "Anakwenda huyo, hana la maana." Kisha usiku kanishonea hirizi ndani ya mshono wa koti. Nilijua ananipenda. Sijui nilijuaje. Kila mtu mtaani alijua lugha hiyo.

Ya Mungu ni ya Mungu, najua. Homa ni homa. Lakini ulimi wangu umefundishwa hivyo, na mtoto ninaye mmoja.

Basi nikaandika kama mtu muungwana anavyomkabidhi mwanawe kwa mwalimu. Kwamba ni mtoto wa kawaida. Akili anazo kidogo, za kuazima. Mvivu wa kuamka, kichwa kigumu. Kwamba nawakabidhi awe mtoto wao, akikosea wasimwonee haya, wamkanye kama wa kwao, hata kwa kiboko. Na wakimwona hafai, wamrudishe, mlango wa kwetu uko wazi.

Nimeisoma mara mbili. Barua nzuri, ya adabu. Mama angejivunia, kimoyomoyo.


Jumatatu, 10 Februari

Baba Mwana: "Ile fomu mmeshasubmit?" Nikamwambia kitambo. Mwana aliipiga picha barua yangu, akaituma. Hakuisoma. Mwandiko wangu anasema ni kama sisimizi wametembea.

Nimemwonyesha Bi Ivy picha ya chuo kwenye simu. Kaishika kwa mikono miwili. Binamu yake alisoma chuo kama hicho, zamani. Yeye pia alitaka. Alikuwa na akili, kasema, mwalimu wake aliahidi kumwandikia barua, kisha akasahau. Akasubiri barua ile mwaka mzima. Mwisho kapanda meli kuja huku kufagia wodi.

Kaniuliza, umemwandikia vizuri? Nikasema vizuri sana.


Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeingia. Kazini kinywa kikavu, kichwa chepesi, natembea kama juu ya pamba. Sauti za watu zinatoka mbali. Napenda siku za mwanzo za mfungo, kila kitu kina ukingo laini.

Jioni Mwana kafuturu vijiko viwili vya uji kisha akaweka bakuli chini. Imekuja barua pepe kutoka chuoni. Dokta Lorraine anataka kuzungumza naye Ijumaa, kwa video. Yeye peke yake. Wamesisitiza awe peke yake chumbani.

Baba Mwana kasema ni dalili njema. Mwana kasema si njema. "They don't do that, Baba. Nimeuliza."

Mimi nimelifunika bakuli lake lisipoe.


Ijumaa, 7 Machi

Nilikuwa nakatia maharage kitunguu. Mwana katoka chumbani, simu mkononi, uso umemshuka. Kasimama mlangoni mwa jikoni.

Wamemuuliza kama yuko salama nyumbani. Wamemuuliza kama anapigwa. Wamemuuliza kwa nini mama yake mzazi hataki aende.

Kisha akanisomea barua yangu, kwa Kiingereza. Mwalimu wao wa Kiswahili kaitafsiri. Mmarekani, kajifunzia lugha ukubwani. Mtoto wa kawaida. Akili kidogo, za kuazima. Mvivu. Kiboko. Hakuna neno alilokosea. Maneno yote yangu, ila kwa Kiingereza yalikuwa baridi kama sahani.

"Mum, did you write this?"

Nikasema ndivyo tunavyoandika.

"Who's *we*?"

Maharage yakaanza kuungua. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alihitaji mtu mmoja tu amsemee. Just one. Akarudi chumbani, akafunga mlango bila kuubamiza. Bora angeubamiza.

Baba yake karudi, kaeleweshwa. Hakunifokea. Kaegemea friji, kaitazama ile picha. "Mama Mwana, wenzio hawana kijicho kule. Wana kamati."

Nimejichukia leo.


Jumatatu, 10 Machi

Siku ya tatu haongei nami. Anajibu, haongei. Yes. No. I've eaten.

Dokta Lorraine kaniandikia mimi. Kwa upole. Kasema amemwamini Mwana kwamba hapigwi, lakini kamati ina wasiwasi kwamba familia haimuungi mkono, na mtoto wa mbali asiyeungwa mkono hurudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha. Wameyaona hayo. Wanakata shauri Jumatatu ijayo. Wamenipa nafasi Jumatano niongee nao uso kwa uso.

Nimempaka Bi Ivy mafuta miguuni na kumwambia yote. Nilitegemea acheke. Kavuta mguu wake. Kasema, nilisubiri barua ambayo haikuandikwa, na wewe umeandika hiyo?

Kisha akanipa tena mguu nimalizie.


Jumatano, 12 Machi

Nimevaa mtandio wa Idi. Baba Mwana kaweka kompyuta juu ya vitabu viwili ili nisionekane kidevu tu. Mwana kakaa kwenye kochi nyuma, goti juu, hanitazami.

Nyuso tano kwenye skrini. Kule asubuhi, jua linaingia dirishani kwao, nywele zao zina mwanga pembeni. Nilitishika. Ndio wale wale wa ndotoni, wamejipanga. Mmoja ana uso wa shangazi. Nikawa sisikii vizuri, kama niko chini ya maji.

Dokta Lorraine kauliza polepole. Tuambie, mama, mwanao ana nini ambacho wengine hawana?

Ninayo majibu. Daftari zima. Yalinijaa kinywani. Nikamwona Mwajuma na kanzu yake nyeupe ya maulidi, watu wanamtazama. Nikafungua mdomo.

"Ni wa kawaida tu," nikasema. "Mashallah."

Baba Mwana kanipiga teke chini ya meza. Haikusaidia. Nikaanza kulia mbele ya Wamarekani watano, mfungo wenyewe, kamasi na yote. Wakasema asante kwa upole mno. Skrini ikazima.

Mwana kainuka, kavaa koti, katoka. Karudi magharibi imeshaadhiniwa. Nilimwekea tende kwenye sahani. Hakuzigusa.


Alhamisi, 13 Machi

Sikulala. Nimekaa na madaftari yangu, yapo saba kwenye sanduku la viatu. Nikayafungua popote.

Nimekuta ya miaka minane nyuma. Ile siku ya ofisi ya nyumba za manispaa. Ukuta wetu ulikuwa na kuvu, Mwana anakohoa, mimi Kiingereza changu kibovu. Mwana ana miaka kumi, kanitafsiria. Yule mwanamke dirishani akasema watu kama nyinyi mnapika na kuanika nguo ndani halafu mnalalamika. Mwana akageuka kwangu. "Mama, anasema pole, ataangalia." Mimi nikakasirika, nikasema mwambie ni shetani mkubwa. Mwana akageuka dirishani, akasema kwa Kiingereza safi, mama yangu anakushukuru kwa muda wako. Tukatengenezewa ukuta.

Nilielewa yote siku ile. Kiingereza cha matusi ndicho cha kwanza mtu kujifunza. Sikumwambia. Niliandika tu: leo nimeona mtoto wa miaka kumi amesimama kati ya watu wazima wawili wajinga na kuwapatanisha. Huyu atasimama kati ya nchi na nchi.

Nimeisoma, nikalia tena. Siku hizi ni kulia tu.

Asubuhi, kabla ya shifti, nimekwenda duka la Mnaijeria anayeuza ndizi na vocha. Ana mashine ya fotokopi nyuma ya magunia ya mchele. Nimetoa kurasa ishirini na mbili. Ya ofisi ya nyumba. Ya mwezi wa kwanza. Ya Mwajuma, ile ya tarehe sita. Pale nilipoandika kuhusu mkoromo wa Baba Mwana nikafunika na risiti.

Mashine inamulika mwanga chini ya kila ukurasa, na mimi naona kama siri zangu zinapigwa eksirei.

Nimezisukuma chini ya mlango wa Mwana nikaenda kazini.


Ijumaa, 14 Machi

Karudi shule, kajifungia. Nilikuwa napasi nguo kwenye korido, makusudi.

Nikamsikia. Anasoma kwa sauti. Kiswahili hajawahi kukisoma, anakisikia tu. Anajikwaa, anarudi, anasukuma silabi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwa-na-ngu. A-na a-ki-li. Ku-li-ko u-ko-o.

Nimepasi shati moja la Baba Mwana saa nzima. Jua la jioni limeingia korido, mvuke wa pasi unapanda, sauti ya mwanangu inanisomea maisha yangu kwa lafudhi ya Peckham. Nilitamani isiishe.

Alipofika kwa Mwajuma akanyamaza. Kisha mlango ukafunguka.

Macho mekundu. Kashika zile karatasi. "Ulijua? Yule lady wa housing. Ulielewa everything?"

Nikamwambia kila kitu, mpaka lile la kuanika.

Akacheka huku analia. Akaniegemea begani, kwa uzito wake wote, mrefu kuliko mimi siku hizi. Adhana ya simu ikalia tukiwa vile vile. Tumefuturu kwa mihogo iliyopoa.


Jumamosi, 15 Machi

Kazitafsiri. Asubuhi hadi alasiri, yeye kwenye kompyuta, mimi pembeni. Ananiuliza neno, namweleza, anatafuta la Kiingereza, analikataa, anatafuta lingine. Kwa mara ya kwanza nimeona kazi anayotaka kuifanya duniani. Kusimama katikati.

Juu kabisa kaandika aya yake mwenyewe, kuwaeleza kwa nini mama zetu hutuponda mbele za watu. Sikumfundisha. Kaitoa kwenye zile kurasa.

Kisha akaweka kidole juu ya kitufe na kunitazama. "Can I send it, Mama? Ukisema no, it's fine. Kweli."

Nilijua anauliza nini. Sifa zake zote, kwa mwandiko wangu, mbele ya watu nisiowajua, ng'ambo ya bahari. Miaka arobaini ulimi wetu umefungwa ili asife mwingine.

Nikasema tuma.

Akabonyeza. Sauti ndogo, kama mtu anafungua kifuniko. Nikaenda jikoni nikashika ukingo wa sinki mpaka vidole vikauma.


Jumatatu, 17 Machi

Mwana ana homa.

Kaamka daku mwili wa moto. Nimemkatalia kufunga. Nimempigia msimamizi siji kazini. Nimepima joto mara tisa. Nimemsomea kila dua niliyofundishwa. Kila akikohoa namwona dada yangu kwenye mkeka, uso ukutani. Nimejitukana. Nimeutukana mkono ulioandika na mdomo uliosema tuma.

Leo ndiyo kamati inakaa. Sijali kamati. Wamnyime tu, abaki.

Baba Mwana kampeleka kwa daktari. Mafua. Daktari kasema anywe maji. Mafua!

Sikuamini. Nimekaa sakafuni pembeni ya kitanda mchana kutwa, nimeshika kisigino chake. Dirishani ndege za kwenda mbali zinapita juu, moja moja, zinaacha mstari mweupe unaofutika. Nikawa nahesabu pumzi na ndege, pumzi na ndege, mpaka nikapotea sijui nahesabu nini.


Jumatano, 19 Machi

Joto limeshuka. Kaomba chipsi na kuku. Kagombana na baba yake kuhusu rimoti.

Alhamdulillahi. Nimelala saa kumi mfululizo.


Jumapili, 30 Machi

Idi. Mwana kazaliwa siku ya Idi, ndiyo jina lake.

Barua ilikuja juzi na tukawaficha watu mpaka leo, kwa ombi langu. Amepata. Mmoja wa wale wanne. Wawili wa Afrika Magharibi, mmoja wa Karibiani, na Mwana wa Landani. Dokta Lorraine kaongeza mstari kwa mkono. Kasema bibi yake aliyemlea alikuwa hivyo hivyo, hakuwahi kumsifu, na yeye Dokta alikuwa amemsahau mpaka aliposoma kurasa zile. Wanataka Mwana awasaidie kuandika upya ile fomu ya barua ya mzazi, kabla hawajaipeleka nchi nyingine.

Bi Ivy nimempelekea biriani kwenye bakuli. Kaisikiliza habari macho kafumba. Kisha akasema, sasa kuna aliyekwenda. Alikula vijiko vinne, yeye ambaye hali.


Jumamosi, 9 Agosti

Uwanja wa ndege. Masanduku mawili, moja limejaa tambi na achari.

Niliahidi sitalia. Nimelia. Baba Mwana kalia zaidi yangu na kasingizia kiyoyozi.

Mwana kavaa koti langu la zamani, lile la kutoka nyumbani, ingawa ni jua. Kalitaka mwenyewe. Kapapasa mshono wa ndani kwa kidole, pale pale, akanikonyeza. Akaingia.

Tumerudi kwa treni. Nyumba zote za kusini mwa mto zinaonekana nyuma zake, nguo kwenye kamba, viti vya plastiki. Kama nchi nyingine.


Jumapili, 24 Agosti

Siku ya mapumziko. Nimefua. Joto zuri, upepo kidogo.

Picha bado ipo kwenye friji. Sasa kuna na ya pili, Mwana kasimama mbele ya nguzo zile zile, kavaa fulana ya chuo, kakunja uso kwa jua. Miti ni kweli inaning'inia. Sijaota tena ule ukumbi.

Kaanza darasa la Kiswahili. Anasema mwalimu ni yule yule aliyetafsiri barua. Amemwomba msamaha, na Mwana kamwambia hakukosea neno.

Saa nane hivi simu imelia. Ujumbe kutoka kwake, kwa Kiswahili, wa kwanza tangu azaliwe.

"Mama shikamoo. Jana usiku tumekaa nje wote wanne. Kila mtu kaambiwa aeleze mama yake yukoje. Wakaniuliza na mimi. Nikawaambia wa kawaida tu."

Nimeusoma mara tatu. Kisha nikatoka kuanua nguo, maana zilikuwa zimekauka.